Wezi Waliofundishwa Vizuri

Mlango uliegemea ukutani, bawaba zimeng'oka, na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akageuza kiti chake taratibu. Msomaji uliyekuwa nami Jumamosi iliyopita unajua kwamba Inspekta Ruxandra Plesa alimwinda mtu huyu miaka mitatu bila kuijua sura yake. Kwenye mafaili ya polisi aliitwa Mwandishi, basi. Ndiye aliyeandika programu inayofunga kompyuta za watu, kuanzia Kanada hadi Ubelgiji, na kuwaachia ujumbe mmoja tu kwenye kioo: lipa, ufunguliwe.

Sasa Ruxandra aliiona sura. Akaishusha bastola.

"Mwalimu," alisema.

"Karibu, Ruxandra. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Mngesukuma tu."

Alikuwa Haralambie Ciurea. Miaka minne alimfundisha Ruxandra hesabu na kompyuta hapa hapa mjini kwetu Dealu Sarii, enzi zile shule ilipokuwa na kompyuta mbili kwa wanafunzi thelathini. Waliandika programu zao kwenye karatasi, na Mwalimu Ciurea alizisoma kwa macho na kuwaambia mstari gani ungekwama. Hakukosea hata siku moja.

Sajini Gavrila, mnene, mwenye kuhema baada ya ngazi za ghorofa nne, alitoa pingu. "Afande, nimfunge?"

"Mfunge."

Mwalimu alinyoosha mikono mwenyewe. Nyuma yake, kwenye roshani, mitungi ya achari ya kabichi ilikuwa imepangwa kwa ukubwa. Hakukuwa na kitu kingine chumbani zaidi ya kitanda, vitabu na mashine ile moja.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwa nini mimi, au kwa nini hapa?"

"Anza na wewe."

"Mimi nimewapeleka watoto wa mji huu kwenye mashindano ya hesabu ya dunia. Wamerudi na medali saba. Kila medali, Meya alikuja kupiga picha. Kiwanda cha kemikali kilipofungwa nikamwandikia Meya, nikaiandikia wizara. Nikawaambia, wekeni hapa hata ofisi moja ya kompyuta, watoto hawa wapate pa kufanyia kazi. Barua kumi na nne. Unajua walinijibu nini?"

"Sijui."

"Walinipa cheti."

Gavrila alitaka kucheka, akakohoa.

"Kwa hiyo ukawafundisha wizi," Ruxandra alisema.

"Mimi naandika tu. Anayetuma ni mwingine. Na nimeweka sharti moja, isiguse nyumbani. Programu ikiingia kwenye mashine inauliza kwanza, kibodi yako ni ya lugha gani? Ikisikia Kiromania inajiua yenyewe. Hakuna Mromania hata mmoja aliyewahi kulia kwa sababu yangu. Hakuna."

Alilisema hilo kwa fahari, mtu aliyefungwa pingu. Ruxandra alitamani kumpiga kofi, na papo hapo akatamani kumtengenezea chai. Hasira ya namna hiyo haina pa kwenda. Inakaa kifuani na kukuumiza mwenyewe.

Simu yake ikalia.

Alikuwa Daktari Smaranda Iuga, wa hospitali ya wazazi ya mji huo huo, rafiki yake tangu utoto.

"Ruxandra, uko wapi? Kompyuta zetu zote zimefungwa. Tangu saa mbili asubuhi. Kuna maandishi mekundu, wanataka tulipe."

Ruxandra aliweka simu kwenye kipaza sauti. "Rudia, Smaranda. Taratibu."

"Nina mama mezani. Ilinca Dumbrava, mimba ya kwanza, anavuja damu. Damu yake ni ya nadra, haipokei ya kila mtu, ukimwekea isiyofaa unamuua. Majina ya watu watatu wanaomfaa yako kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta tu. Nimepiga simu mji mkuu, wanasema hiyo damu watairusha kwa helikopta kesho."

Mwalimu Ciurea alikuwa akitikisa kichwa. "Si ya kwangu. Haiwezekani. Mwulize kibodi."

"Smaranda, kibodi zenu ni za lugha gani?"

"Unaniuliza kibodi wakati huu?"

"Nijibu."

"Za Kijerumani. Mashine zote tulipewa msaada kutoka Ujerumani vuli iliyopita. Herufi za Y na Z zimebadilishana, manesi wamelalamika miezi sita na hakuna aliyekuja kutubadilishia."

Mwalimu aliangalia sakafu, midomo yake ikichezacheza kama mtu anayepiga hesabu kichwani na kufika kwenye jibu asilolitaka.

"Fungua," Ruxandra alimwambia. "Umeiandika wewe, ifungue wewe."

"Siwezi. Ufunguo unabaki kwa anayetuma. Niliitengeneza hivyo kwa makusudi, nisije nikashawishika." Akainua macho. "Ni Tiberiu Golea. Medali ya tatu. Nipeleke kwake, Ruxandra. Nipeleke sasa hivi."

*

Gavrila aliendesha. Theluji ya Machi ilikuwa inayeyuka na barabara ilikuwa matope matupu. Mwalimu alikaa nyuma na pingu zake.

"Miaka sita nimekamata watu kumi na tisa," Ruxandra alisema bila kugeuka. "Kumi na saba wako mtaani. Hakimu ananiambia, leta mlalamikaji. Mlalamikaji yuko Ohio, ana miaka themanini, hajui Romania iko upande gani wa dunia. Nani atampandisha ndege? Nawaleta kwa mlango wa mbele, wanatoka kwa mlango wa nyuma. Na mmoja wao alinishikia mlango."

"Ndiyo hayo ninayokwambia," Mwalimu alisema. "Maskini wapo kila nchi. Wezi wapo kila nchi. Lakini hapa tuna mtandao unaokimbia, tuna watoto walioiva kwa hesabu, kazi hakuna, sheria inasinzia, na anayeibiwa yuko mbali kiasi kwamba kilio chake hakifiki. Vitu hivyo ukiviweka kwenye sufuria moja, unashangaa nini kimepikwa?"

"Mimi nilisoma darasa lile lile. Sikuiba."

"Kweli. Kompyuta ya ofisini kwako ina miaka mingapi?"

Gavrila akamjibia. "Kumi na moja, Mwalimu. Ile ya stoo tunaigonga kwanza ndiyo iwake."

"Endesha gari, Gavrila."

"Naendesha, Afande. Lakini anasema kweli. Kila Pasaka shemeji yangu ananiuliza mbona sina gari kama la Tiberiu. Wala hanionei huruma. Ananiona mjinga."

Walipita barabara kuu. Mbele ya ofisi za kutuma na kupokea pesa, tano kwa mstari mmoja, vijana waliegemea magari ya Kijerumani wakitafuna mbegu za alizeti. Wawili walimpungia Ruxandra mkono kwa heshima kabisa. Alikuwa ameshawakamata wote wawili.

*

Nyumba ya Golea ilisimama mwisho wa mtaa wa vibanda, ghorofa tatu na minara miwili iliyoezekwa bati linalong'aa. Mlango ulifunguliwa na mama mtu mwenyewe, Mama Veturia, mwenye kilemba cheusi cha mjane na unga wa mahindi mikononi.

"Karibuni ndani, Mwalimu, nasonga uga—" Akaziona pingu. Akasimama hapo hapo.

Tiberiu alikuwa sebuleni, mtu wa miaka thelathini na tatu, mwenye fulana safi na ndevu zilizochongwa. Hakuinuka. Alimwangalia Mwalimu wake kwa muda, kisha Ruxandra.

"Mzee amechanganyikiwa," alisema. "Naona mmemtoa nje bila koti."

"Hospitali ya wazazi imefungwa na programu yenu," Ruxandra alisema. "Nataka ufunguo."

"Ufunguo gani? Mimi nauza vipuri vya magari."

"Tibi," Mwalimu alisema, "kibodi zao ni za Kijerumani. Sikulifikiria hilo. Nimekosea. Wape."

Hakuna mtu mjini Dealu Sarii aliyewahi kumsikia Mwalimu Ciurea akisema amekosea. Tiberiu aliguswa, ilionekana, lakini kwa sekunde moja tu.

"Nikikupa ufunguo, Afande, nimekiri. Nikikaa kimya, huna kitu. Sheria hiyo sikuiandika mimi."

"Kuna mama anakufa."

"Namjua?"

"Humjui."

"Basi ndiyo kama wale wengine," Tiberiu alisema, na hakulisema kwa ukatili. Alilisema kama mtu anayetaja saa. "Nao siwajui. Ukianza kuwajua, kazi haifanyiki."

"Ni nani?" Sauti ilitoka mlangoni. Mama Veturia alikuwa bado na unga mikononi. "Huyo mama. Ni nani?"

"Ilinca Dumbrava," Ruxandra alisema. "Mke wa fundi bomba."

"Ilinca aliyenishonea mapazia haya?"

Kila mtu akaangalia mapazia. Yalikuwa ya rangi ya krimu, yenye pindo la maua madogo.

Mama Veturia alikwenda hadi kwenye kiti cha mwanawe. "Miaka kumi na moja nawaambia majirani mwanangu anauza vipuri. Sijawahi kuona hata tairi moja humu ndani. Nilijua. Nikajiambia, ni Wamarekani, ni matajiri, bima itawalipa. Kanisani napiga ishara ya msalaba na kujiambia hivyo. Lakini Ilinca alikaa pale, kwenye kiti kile, akala ugali wangu na maziwa mgando. Inuka, Tiberiu."

"Mama, huelewi."

"Inuka."

Aliinuka. Alipanda ngazi, na wote wakasikia droo ikifunguliwa juu. Gavrila alianza kutabasamu.

Alitabasamu mapema mno. Tiberiu alishuka na karatasi mbili. Moja ilikuwa na herufi na tarakimu zilizojaza nusu ukurasa. Nyingine ilikuwa tupu. Aliikunja ya kwanza na kuishika.

"Utaniandikia, Afande. Kwamba leo umekagua nyumba hii, hukukuta kitu, na huna shauri na mimi. Sahihi na tarehe. Na hakuna gari la polisi kunifuata kwa saa mbili."

"Nimewatafuta ninyi miaka mitatu," Ruxandra alisema.

"Najua. Nilikuwa nakuona ukipita."

Ruxandra alimwangalia Gavrila. Gavrila aliangalia dari. Alimwangalia Mwalimu, naye alikuwa amefumba macho. Kwenye simu, Daktari Smaranda alikuwa ametuma ujumbe wa maneno matatu: *Presha inashuka. Haraka.*

Ruxandra alikaa kwenye kiti cha Ilinca, akachukua kalamu, akaandika. Mkono wake ulikandamiza hadi karatasi ikatoboka kwenye herufi ya mwisho ya jina lake. Hakuna askari anayefundishwa namna ya kuandika uongo ulio sahihi.

Tiberiu aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni, akampa ile nyingine. Dakika tatu baadaye gari lake jeusi lilitoka getini. Hakumuaga mama yake.

*

Ruxandra aliusoma ufunguo kwa simu, herufi moja moja, hapo hapo sebuleni. Upande wa pili nesi aliupiga kwenye kibodi. Mara ya kwanza ukakataa.

"Y na Z," Mwalimu alisema. "Anabonyeza Y, inatoka Z. Mwambie azigeuze."

Mara ya pili mashine zikafunguka. Wodi nzima ilisikika ikishusha pumzi kwenye simu. Gavrila alimpigapiga Mwalimu begani, kisha akakumbuka kuwa ni mahabusu, akauondoa mkono.

"Nimewapata," Smaranda alisema. "Watatu. Wa kwanza, Nechita, Sorin. Gavrila anamjua?"

"Yuko Stuttgart," Gavrila alisema. "Mwaka wa pili huu, anafunga mabomba."

"Wa pili, Buzatu, Paraschiva."

Mama Veturia alitikisa kichwa. "Italia. Anatunza wazee. Hata kwenye mazishi ya baba yake hakuja."

Ile hasira ilimrudia Ruxandra. Mji uliozaa watu, ukawasomesha, ukawatuma kubeba mabomba na wazee wa wenzao, na leo unatafuta chupa moja ya damu hauipati.

"Smaranda. Wa tatu."

"Wa tatu alitoa mara moja tu, mwaka wa mwisho wa shule. Golea, Tiberiu."

"Mimi ndiye niliyewapeleka," Mwalimu alisema polepole. "Darasa zima. Aliyetoa damu alipewa siku ya mapumziko na kuponi za chakula. Tibi alipewa kadi, wakamwambia damu yake ni ya nadra. Akaifanya mzaha mwezi mzima."

Ruxandra alikuwa tayari anapiga namba ya Tiberiu kwa simu ya Gavrila. Iliita mara sita.

"Saa mbili hazijaisha, Afande," Tiberiu alisema. Injini ilinguruma nyuma ya sauti yake.

"Rudi. Damu inayomfaa Ilinca ni yako. Wengine wawili wako nje ya nchi. Ulitoa shuleni, unakumbuka?"

Alicheka, kicheko kifupi cha uchovu. "Ni mtego mzuri. Kweli, ni mzuri. Nani amekutungia, Mwalimu?"

"Tiberiu, nisikilize—"

Simu ikakatika. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

"Niwaambie wazuie barabara?" Gavrila aliuliza. "Kuna ya Bulgaria na kuna ya Hungaria."

"Kwa kosa gani? Nimetia sahihi kwamba hana."

"Nina saa moja," Smaranda alisema kwenye simu. "Nikisema saa moja namaanisha saa moja, Ruxandra." Naye akakata.

Walikimbilia garini. Gavrila alikuwa ameshawasha injini mlango wa nyuma ulipofunguliwa na Mama Veturia akaingia, akakaa kando ya Mwalimu, ametia kiatu mguu mmoja tu, unga umekauka mikononi.

"Hakwenda Bulgaria," alisema. "Ana simu nyingine. Namba ninayo mimi peke yangu. Kata kushoto, Gavrila, barabara ya mtoni, ndiyo anayopita akijificha."

Gavrila akakata kushoto. Matope yaliruka hadi kwenye vioo. Mama Veturia alibonyeza namba kwa kidole kimoja, akashika simu katikati yao wote.

"Mama, nilikwambia hii ni ya dharura tu."

"Kama wanakudanganya au hawakudanganyi, mimi sijui," Mama Veturia alisema. "Najua nimo ndani ya gari lao na tunakuja. Ukitaka kujificha, utanificha mimi."

Walisikia kiashiria cha gari la Tiberiu kikigonga, tiki, tiki, tiki.

"Unageuza?" mama aliuliza.

"Nageuza, Mama. Kuna lori nyuma yangu, ngoja lipi—"

Mlio wa breki ulijaza gari zima. Kisha kishindo, na vioo vikimwagika kwa muda mrefu kuliko mtu angeweza kudhani. Kisha honi, moja, isiyokatika.

"Tiberiu," Mama Veturia alisema kwenye simu. "Tiberiu. Sema kitu."

Honi iliendelea. Ruxandra aliangalia mbele, na kwenye kona ya mto, mita mia tatu hivi, aliuona moshi.